Mguu usiouma: ganzi inavyowalemaza watu Bunia

*Maradhi ya mishipa ya fahamu ya pembeni yana sababu nyingi Ituri: ukoma, sindano za kwinini, dawa za kifua kikuu, sukari na panga. Mengi yanaweza kugunduliwa mapema kwa kalamu ya wino na vidole vya muuguzi, lakini wagonjwa wanafika hospitali vidonda vikiwa vimefika mfupani.*

BUNIA. Mara nyingi anayegundua ni mke au mtoto, kabla ya daktari yeyote. Baba ametoka nyumbani na kandambili zake mbili, akavuka Boulevard ya Libération katikati ya pikipiki na malori, akafika ng'ambo akiwa na moja. Ya pili imechopoka njiani naye hakusikia. Ameendelea kukanyaga changarawe kwa mguu mtupu hadi mtu alipomwita.

Jioni, maji ya kuoga yakishamwagika, watu wa nyumbani wanaona kidonda kwenye unyayo. Wanamuuliza kama kinauma. Anajibu hapana, na jibu hilo linawatuliza wote, kumbe ndilo lililopaswa kuwatisha. Kidonda kisichouma hakifungwi kitambaa wala hakipumzishwi. Mwenyewe anakikanyagia kila siku akienda shambani au sokoni, wadudu wanaingia, mfupa unaoza, na miezi michache baadaye mazungumzo ni ya kukata kidole.

Madaktari huiita dalili hii ugonjwa wa neva za pembeni. Watu wa Bunia husema tu kwamba miguu imekufa ganzi. Kwa nini imekufa, hilo ndilo swali ambalo katika vituo vingi vya afya halina wa kulijibu.

Miguu hutangulia

Neva za pembeni ni mishipa yote ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Baadhi yake huleta habari za joto, baridi, maumivu na mguso. Mingine hupeleka amri kwenye misuli, na mingine huendesha mambo tusiyoyawazia, kama jasho, mapigo ya moyo na kazi ya kibofu.

Mshipa unaofika kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima unatoka kiunoni, na urefu wake unazidi mita moja. Sumu, sukari iliyozidi au upungufu wa vitamini unapoidhuru mishipa yote kwa pamoja, ile mirefu ndiyo inayoshindwa kwanza. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, ikapanda hadi kifundo, na inapokaribia goti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza kupotea.

Lakini ganzi ikiwa kwenye mguu mmoja tu, au kwenye kidole cha mwisho na jirani yake tu, basi ni mshipa mmoja ulioumia, na kinachotafutwa ni kitu kingine. Tofauti hii muuguzi anaweza kuiona bila mashine yoyote, mradi amemvua mgonjwa viatu.

Kabla ya ganzi kamili, wengi hupitia miezi ya mateso: nyayo zinawaka moto usiku, ngozi inachomachoma, mtu anahisi sisimizi wakimtambaa. Kisha moto unazima, naye anadhani amepona. Ngozi inakauka kwa kukosa jasho na kisigino kinapasuka. Misuli ya mkono inanyauka, kifungo cha shati kinakuwa kazi ngumu.

Mitaani maelezo ya kwanza huwa ni mengine: amekanyaga dawa aliyotegewa. Maelezo hayo hayakuzuka hivi hivi, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakuja bila homa na bila jeraha, ukimpata mmoja na kumwacha jirani aliyekula naye sahani moja. Lakini chale anazochanjwa mgonjwa juu ya ngozi isiyosikia ni vidonda vipya, na miezi anayoipoteza kwa waganga ndiyo ile ambayo mshipa ungeweza kuokolewa.

Ukoma uliotangazwa kushindwa

Katika sababu zote za ganzi, ukoma ndio mkongwe, na ndio unaoonyesha wazi gharama ya kuchelewa.

Kijidudu chake kiligunduliwa na Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873. Kinakua polepole mno: kugawanyika mara moja tu kunachukua kama wiki mbili, na tangu mtu aambukizwe mpaka dalili zitokee inaweza kupita miaka 5, hata 20. Kinapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kwa hiyo hushambulia mishipa iliyo karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kando ya goti upande wa nje, nyuma ya kifundo cha mguu, shingoni na usoni.

Kipimo chake kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hakigharimu kitu. Mpimaji anasimama mbele ya mgonjwa, anaukunja mkono wake, kisha anapitisha vidole nyuma ya kiwiko kwenye kijibonde kati ya mifupa miwili. Mshipa mzima ni laini na unateleza. Mshipa wenye ukoma umevimba, mgumu kama kamba. Wakati anapapasa, macho yake yako usoni kwa mgonjwa, kwa sababu maumivu yataonekana hapo kabla mgonjwa hajasema neno.

Halafu linafuata baka. Ni doa lililopauka au lenye rangi ya shaba, lisilowasha. Mgonjwa anafumba macho. Mpimaji anagusa kwa ncha ya kalamu ya wino, bila kukandamiza, mara ndani ya baka, mara nje yake, na mgonjwa anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Akionyesha vizuri nje ya baka na kukaa kimya likiguswa baka lenyewe, jibu limepatikana.

Eneo hili liliwahi kuujua ukoma vizuri. Oicha, upande wa Beni kwenye barabara itokayo Komanda, daktari Mmarekani Carl Becker alifanya kazi tangu miaka ya 1930 na kuwatibu wenye ukoma kwa maelfu. Vita vya Wasimba vya mwaka 1964 vilimwondoa. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliokianzisha Kituo cha Tiba cha Kiinjili cha Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, hospitali iliyofundisha wauguzi na madaktari wa mashariki yote ya nchi.

Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa. Wagonjwa waliuawa vitandani. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa kwa muda wa siku kama kumi, na walionusurika walikimbilia Oicha kwa miguu. Hospitali ilinyang'anywa kila kitu. Na mkono unaoutambua mshipa uliovimba hujifunza kwa kupapasa chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa hiyo hospitali ya kufundishia ikivunjwa, hasara yake haiishii kwenye majengo na vitanda.

> *Mgonjwa akionyesha vizuri nje ya baka na kukaa kimya likiguswa baka lenyewe, jibu limepatikana.*

Hapa ndipo mabishano yanapoanza. Mwishoni mwa mwaka 2007 Kongo ilifikia lengo la Shirika la Afya Duniani: wagonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Kwa takwimu, ukoma ukawa umeacha kuwa tatizo la afya ya umma. Hata hivyo miaka kumi baadaye nchi ilikuwa bado inaandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 3,000 kwa mwaka, na Mkoa wa Mashariki wa zamani, ambamo Ituri ilikuwa kabla ya kuwa mkoa kamili mwaka 2015, ulikuwa siku zote kati ya mikoa yenye mzigo mkubwa.

Wanaotetea hatua ile wana hoja yao. Vijiji vya wakoma viliwatenga watu maisha yao yote, na kuuingiza ukoma katika vituo vya kawaida vya afya kuliondoa sehemu ya aibu. Fedha pia zilihitajika kwa malaria, surua na Ukimwi.

Upande wa pili unauliza: nani anatafuta sasa? Wastani wa taifa unaficha kijiji kimoja chenye wagonjwa kumi. Muuguzi kijana ambaye hajawahi kuona ukoma darasani ataandika kwamba baka ni fangasi na kutoa mafuta ya kupaka. Mimi nasimama upande huu. Lengo la mwaka 2007 lilipimwa kwa idadi ya wagonjwa walioandikishwa, na ambaye hajatafutwa haandikishwi.

Dawa zenyewe zipo. Mchanganyiko uliopendekezwa tangu mwaka 1981, rifampisini, dapsoni na klofazimini, unamezwa kwa miezi 6 ikiwa mabaka hayazidi matano, na miezi 12 yakizidi. Baada ya siku chache tu za dawa mgonjwa haambukizi tena. Lakini dawa huua vijidudu, haifufui mshipa uliokwisha kufa. Pia katikati ya matibabu mwili wenyewe unaweza kulipuka: mabaka yanavimba, kiwiko kinauma usiku kucha, mkono unalegea ndani ya wiki moja. Wengi huona wamelishwa sumu, wanatupa vidonge. Wanachohitaji ni predinisoloni, na haraka, kwa sababu mshipa uliolegea kwa chini ya miezi sita bado una nafasi ya kurudi.

Sindano ya makalioni

Mtoto ana homa kali, anatetemeka, anatapika. Mama anampeleka kwenye duka la dawa au kituo kidogo, anachomwa sindano ya kwinini kwenye kalio. Homa inashuka. Baada ya siku mbili mtoto anasimama, na mguu mmoja unaning'inia. Akitembea anainua goti juu ili vidole visiburuze.

Ndani ya kalio unapita mshipa mnene kuliko yote mwilini, unaoshuka hadi unyayoni. Sindano ikichomwa pasipo mahali pake, kwinini inaunguza mshipa huo. Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1999, na anayezunguka Afrika Mashariki atawakuta kila nchi, wengine sasa wakiwa watu wazima wenye mguu mmoja mwembamba.

Mama husema polio. Wizara ya Afya nayo inalazimika kuuliza hivyo hivyo. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla lazima aripotiwe, na choo chake kichukuliwe mara mbili ndani ya siku 14 kwa uchunguzi wa maabara. Ni kazi muhimu, hasa Kongo ambako virusi vya polio bado vinazuka. Lakini mfumo wote huo umeundwa kujibu swali moja, kama ni polio au si polio. Jibu likiwa "si polio", hakuna mfumo unaompa mtoto kibao cha kuuinua mguu wala mtu wa kumfundisha mazoezi.

Wauguzi wana utetezi ambao haufai kupuuzwa. Mtoto anayetapika hamezi kidonge, barabara ya kwenda hospitali imefungwa kwa risasi, na kilichopo kwenye rafu ni kwinini. Wagonjwa nao wanaidai sindano, wakiamini kidonge ni dawa ya kupunguza tu.

Njia ya kutokea ipo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulichapishwa mwaka 2010 na kuonyesha kwamba artesuneti ya sindano ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika. Inaingia kwenye mshipa wa damu, au kwenye msuli wa paja kwa nje, mbali na mshipa ule mkubwa. Mtoto mdogo hana sababu ya kuchomwa kalioni, na mzazi ana haki ya kukataa.

Vidonge, pombe, dhahabu

Isoniazidi imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu mwaka 1952, na hakuna anayefikiria kuiacha. Lakini inaimaliza vitamini B6 mwilini. Aliye na lishe duni, mjamzito, mwenye Ukimwi, mwenye sukari au mnywaji wa pombe anaweza kuanza kuungua nyayo akiwa bado kwenye dozi. Kinga ni kidonge kidogo cha B6 kila siku, miligramu 10 hadi 25. Anayekosa kidonge hicho mara nyingine huacha dawa zote kwa sababu ya maumivu, na kifua kikuu kinarudi kikiwa sugu.

Hadithi inayofanana nayo ilitokea kwa dawa za Ukimwi. Stavudini iliokoa maisha ya wengi na kuwaachia miguu inayowaka moto, hadi mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliposhauri iondolewe. Waliokunywa miaka ile wapo mjini, na ganzi yao bado ipo.

Sukari inazidi kushika nafasi ya kwanza duniani kote. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata ganzi kadiri miaka inavyokwenda, na wapo wanaojijua wana sukari siku wanapoletwa na kidonda cha mguu. Mnywaji wa pombe ya lutuku asiyekula hupoteza vitamini B1 na kufika mahali pale pale.

Mongbwalu na machimbo mengine ya dhahabu yana hatari yake. Zebaki inayokamata chembe za dhahabu huchomwa juu ya moto, mara nyingi uani, na mvuke wake unavutwa na aliyepo. Huharibu ubongo zaidi, mikono ikatetemeka na usingizi ukapotea, lakini neva za pembeni nazo haziponi.

Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha unalaumiwa pia. Ugonjwa wa konzo, ulioandikwa Kongo mwaka 1938, unatokana nao, ila konzo hukaza miguu ghafla bila kuitia ganzi, maana unapiga njia za ubongo. Anayekula muhogo huo miaka mingi akiwa hana protini ya kutosha ndiye anayeweza kupata ganzi ya taratibu.

Kuna aina moja ambayo haisubiri kesho. Udhaifu ukianza miguuni baada ya kuharisha au mafua, ukapanda hadi mapajani na mikononi ndani ya siku chache, kifua kinaweza kushindwa kupumua. Huyo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Panga na milimita moja kwa siku

Anayevamiwa kwa panga huinua mkono kukinga kichwa. Kwa hiyo majeraha mengi ya mashambulizi ya Ituri yako kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, mahali inapopita mishipa inayovipa vidole nguvu na hisia. Daktari wa zamu huokoa uhai kwanza: damu, mfupa, usaha. Mshipa uliokatika unaachwa.

Mshipa ulioungwa vizuri huota kwa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni safari ya zaidi ya mwaka mmoja, na ukicheleweshwa mno, unaikuta misuli imekwisha kunyauka. Kliniki Salama ya Bunia, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, imepokea majeruhi wengi wa mashambulizi hayo. Lakini mwenye mkono uliounganishwa akirudi kwenye hema lake katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, anarudi mahali ambapo kila mlo unapikwa kwenye moto wa chini, naye hasikii sufuria ikimuunguza.

> *Mtu asiyesikia moto ndiye anayepaswa kuwekwa mbali na jiko, na kambini hakuna umbali huo.*

Ituri inajua kutafuta

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola ilifika Mambasa, Mandima, Komanda hata Bunia yenyewe. Wahamasishaji wa afya, wale tunaowaita reko, walijifunza kuandika jina la kila aliyekutana na mgonjwa na kumtembelea kwa siku 21, tena katika vijiji vilivyowakaribisha kwa mawe. Ujuzi huo haujapotea.

Mwaka huo huo wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wanaoishi na mgonjwa wa ukoma wachunguzwe na kupewa dozi moja ya rifampisini kama kinga. Maana yake ni reko yule yule, daftari lile lile, na familia moja kutembelewa. Ofisi ya mkoa inayosimamia ukoma ndiyo hiyo hiyo inayosimamia kifua kikuu, kwa hiyo mtu anayegawa isoniazidi ndiye anayepaswa kujua kupapasa kiwiko na kuuliza juu ya nyayo zinazowaka.

Wanaopinga husema usalama hauruhusu, nao wana ushahidi: hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Mei 2021, na tangu hapo barabara nyingi za Djugu na Irumu zimebaki za hatari. Hilo ni kweli kwa Djugu. Haliwezi kuwa sababu ndani ya mji wa Bunia, ambako wagonjwa wa kifua kikuu na wa sukari wanapita mbele ya muuguzi kila mwezi wakiwa wamevaa viatu vyao.

Ofisi ya afya ya mkoa iagize B6 kwa wingi ule ule wa isoniazidi. Shule za uuguzi zimrudishe mwanafunzi kwenye kiwiko cha mgonjwa wa kweli. Watoto wote waliolegea mguu baada ya sindano waandikwe, wapewe vibao, na vituo vilivyowachoma vifundishwe upya.

Nawe uliye na ganzi, kagua nyayo zako kila jioni kwenye mwanga, au mwombe mwanao akukagulie. Loweka miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20, paka mafuta ikiwa bado ina unyevu, vaa viatu visivyo na misumari. Ukiwa na baka lisilosikia, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Dawa za ukoma hazilipiwi mahali popote Kongo, na anayekudai faranga kwa vidonge hivyo anakuibia.